Nazi za Kopo Kwenye Kisiwa cha Minazi

Mkiniona dukani nanyanyua dumu la mafuta ya kula na kulitikisa kabla ya kulipa, msicheke. Si ubahili. Miaka yangu yote ya nguvu nilikuwa mpima matangi: unapanda ngazi hadi juu ya tangi la mafuta, unafungua kifuniko, unashusha tepu ya chuma yenye timazi mwishoni, halafu unawaambia wenye mali humo ndani mna nini na ni kiasi gani. Nimestaafu, lakini mikono yangu bado inakwenda kazini kila asubuhi.

Wengi wenu hapa Temeke mnanijua kwa jambo moja tu, kwamba niliwahi kuishi kwenye kile kisiwa cha gesi. Sitakitaja jina, maana nina watu wangu kule na sipendi wasikie nawasema. Ni nchi kamili, ina bendera na wimbo wa taifa, lakini ukiamka mapema na una gari zima unaizunguka yote na kurudi kunywa chai jua halijawa kali. Inauza gesi nje, na karibu kila kitu kingine inanunua. Basi mnanisimamisha njiani: "Shikamoo Mzee Nampunju, eti kule maslahi yakoje?" Naitikia marahaba, kisha nabaki natafuta la kusema, kwa sababu jibu lake si la kusimama juani.

Safari hii aliyeuliza ni Hawa, na Hawa simkwepi. Ni binti wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo kwake mimi ni baba mkubwa. Baba yake alimwachia karakana ya useremala pale Keko, kando ya barabara, naye akaishika vizuri kuliko ukoo mzima ulivyotarajia. Siku hizi hata watu wa Msasani wanamletea picha za vitanda kwenye simu, naye anawatengenezea vilevile, tena kwa mninga. Kampuni moja inayojenga majumba kisiwani ikaziona kazi zake mtandaoni, ikamtaka aende akatengeneze samani za majumba hayo kwa mkataba wa mwaka unaoweza kuongezwa. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa.

Mshahara ulikuwa mnono, wala hilo halikuwa na ubishi. Tatizo lilikuwa Keko. Wanaopajua watanielewa: pale mbele ya barabara hakuna hati, hati yako ni kuonekana. Ukiondoa kitanda chako leo, kesho unakuta cha mwenzio, na huna wa kumlalamikia. Alikuwepo tayari mtu aliyetaka kuinunua karakana na vyombo vyake vyote. Kwa hiyo Hawa alikuwa akichagua kati ya kisiwa na kitu pekee alichoachiwa na baba yake.

"Ba'mkubwa," aliniambia, amekaa barazani kwangu, vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi, "mie mshahara nimeuona, huo usinielezee. Nataka kujua ile nchi yenyewe ikoje. Itadumu? Nisije nikauza karakana ya baba halafu gesi ikabuma nikiwa hukohuko."

Nilimwambia anywe chai kwanza, nami mawazo yakanipeleka kwa Mzee Awadhi.

Mzee Awadhi ndiye aliyenifundisha kazi. Kwao ni Waarabu wa siku nyingi hapahapa Temeke, wenye duka la vitambaa, lakini yeye duka alilikimbia akiwa kijana. Alisema hawezi kukaa mahali pamoja mchana kutwa akingoja watu. Alivaa kofia yake nyeupe ya kufuma chini ya helmeti, na bosi aliyethubutu kumwambia aivue sikumwona.

Mambo yake mengi yatawafaa hata nyie msiokaribia tangi. Kabla hujafungua kifuniko, alisema, shika kwanza chuma cha ngazi kwa kiganja kitupu, maana mwili unabeba umeme mdogo usiouhisi, na mvuke wa mafuta hauhitaji umeme mkubwa. Usisimame upepo unapoelekea, utalewa bila kuonja. Meli ikimaliza kusukuma mafuta usikimbilie kupima, yaache yatulie. Na usisahau joto: mafuta huvimba mchana na kunywea usiku, hivyo tangi lililokupa furaha saa nane mchana linaweza kukutia aibu alfajiri.

Nami mwanafunzi nilikuwa na haraka. Mara ya kwanza kupima peke yangu, nilishusha tepu nikaendelea kuiachia hata baada ya timazi kugusa sakafu. Timazi ikalala, tepu ikajikunja humo chini, na nilipoivuta, alama ya mafuta ilikuwa imepanda juu. Nikapiga kelele kwa furaha: tangi limeshiba! Mzee Awadhi akaja, akashusha mwenyewe taratibu, akasoma, akanitazama.

"Bakari mwanangu," akasema, "wewe hapo hukupima mafuta. Umepima hamu yako."

Jioni hiyo sikula vizuri. Lakini kuanzia siku ile nilijua kuusikiliza mkono: timazi ikigusa chini, kuna mtikisiko mdogo unaupanda uzi wa chuma hadi kwenye vidole, na hapo ndipo pa kusimama. Baadaye akanifundisha kupaka timazi dawa inayobadilika rangi ikikutana na maji, kwa kuwa chini ya mafuta hujificha maji, na mwenye kutazama juu tu atauziwa maji kwa bei ya mafuta. Mwisho kabisa akanifundisha mafuta mazito, yale meusi yanayoganda kwenye tepu. Hayo huyapimi yenyewe. Unapima nafasi tupu iliyobaki kati ya mafuta na kifuniko, na utupu ndio unaokwambia kilichomo.

Sasa tuje kisiwani, maana huko ndiko nilikopelekwa na kampuni ya upimaji wakati nyumba yangu ya Mtoni haijapauliwa bado. Mimi ni mdadisi tangu utotoni, mama yangu akiniita "Kwa Nini". Na kisiwa kile kilinifaa. Siku ya kwanza niliona taa za barabarani zinawaka saa sita mchana, nikamuuliza dereva nani amesahau kuzima. Akaniuliza, "Kuzima kwa sababu gani?"

Sitaki mnielewe vibaya. Nilikionea wivu kisiwa kile, wivu wa kweli. Mgonjwa alitibiwa bila kutoa hata senti. Mtoto alisoma hadi pale akili yake ilipomfikisha. Wazee walipewa posho na serikali, wakaitumia kulalamika kwamba ni ndogo. Umeme ulikuwa haukatiki hata kidogo, nami niliyetoka na mshumaa mfukoni nilikaa muda mrefu kabla sijaacha kutembea nao.

Nilipanga chumba kwa Mama Rozi, mjane mcheshi aliyeishi na binti yake Lusi. Lusi alifanya kazi kwenye chumba cha mitambo cha kiwanda cha gesi. Siku moja nikamwomba Mama Rozi jiko lake nipike samaki wa nazi. Akafurahi, akafungua kabati, akanipa tui la kopo.

Nikaligeuzageuza lile kopo. Lilitoka nchi ya mbali kuliko kwetu. Nikatazama nje dirishani: minazi imejipanga mpaka ufukweni, imeelemewa na nazi kavu, nyingine zimeshaanguka na kutoboa bati la choo. Nikamuuliza, "Mama, hizi vipi?"

"Zipo juu," akasema.

"Naona zipo juu. Haziangushwi?"

"Nani akazikwee? Vijana wote wako kwenye gesi."

Basi, mtaniona wa ajabu, lakini lile kopo lilininyima usingizi kuliko kelele za mitambo. Wakwezi wa kisiwa kile hawakufa wala hawakufukuzwa. Waliajiriwa. Mmoja mmoja aliweka kamba chini akavaa buti, na hakuna aliyekosea, maana nani atamlaumu mtu kwa kukubali mshahara mzuri? Ila wote walipokwisha kushuka, hakukuwa na wa kupanda tena.

Kisiwa hicho kina desturi kwamba siku ya harusi mgeni haruhusiwi kunywa kitu chochote kabla ya dafu la mnazi wa nyumbani kwa bibi harusi. Dafu la kununua ni nuksi. Jirani yetu akawa anamwoza binti yake, wageni wamejaa, koo zimekauka, na madafu yako juu. Shemeji yake akapata wazo: akaazima gari la kiwandani, lile lenye kikapu cha kumnyanyulia fundi wa taa. Likaingia uani kwa shangwe na vigelegele, likazama mchangani hadi kwenye ekseli. Wakaleta gari la pili kulivuta la kwanza, nalo likakaa papo hapo. Bibi harusi akaanza kulia, na wanja ukaanza kumtiririka.

Mimi ni mtoto wa Lindi, jamani. Nilikwea minazi kabla sijajua kusoma. Nikavua viatu, nikasokota kamba, nikaitia miguuni. Mama Rozi akapiga ukelele kwamba mpangaji wake anakwenda kufa na bado hajamaliza mwezi. Nikapanda. Nilipofika kileleni nikasikia kimya huko chini, nikadhani nimekosea adabu. Nikaanza kuangua. Niliposhuka, mzee mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Alinishika mkono. Baadaye Lusi akaniambia kwamba mzee yule alikuwa mkwezi, na wanawe wote ni wahandisi.

Kuanzia hapo nilipata kipimo changu mwenyewe. Wachumi walikuja kisiwani na kuandika habari za bei ya gesi na miaka iliyobaki kabla haijaisha, na sina ugomvi nao, hiyo ni kazi yao na wanaiweza. Mimi nilitazama vilele vya minazi. Vikielemewa na nazi kavu, nilijua gesi inakwenda vizuri. Kisha bei ikaanguka huko duniani, kwa sababu ambazo hakuna mtu kisiwani aliyehusika nazo, na mabadiliko nikayaona kwa mpangilio: taa za mchana zikazimwa, magari yakaanza kuota majani chini ya matairi, winchi za ujenzi zikasimama zimeinamisha shingo. Lusi akarudishwa nyumbani. Alikaa kitandani muda wa kutosha kumtia mama yake wasiwasi, halafu jioni moja akanifuata uani na kamba mkononi.

Nilimfundisha. Alikuwa mwoga wa kimo, analia akiwa nusu ya mnazi na anaendelea kupanda hukohuko analia. Baadaye akanunua mashine ya kukamulia mafuta ya nazi, vijana wengine wawili watatu wakamwiga. Nilipoondoka kisiwani, minazi ya mtaa ule ilikuwa safi kama kichwa kilichotoka kinyozi. Nikaamini kisiwa kimejifunza. Jambo ninalojiuliza hadi leo ni hili: kilijifunza, au kilibanwa tu?

Basi, kabla ya Ijumaa ya Hawa kufika, nikamwambia njoo na simu yako kubwa. Tukampigia Mama Rozi. Amezeeka, miwani imemkaa puani, lakini kicheko ni kilekile. Tukasalimiana kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, akaniuliza habari za nyumba na magoti. Nikamuuliza swali langu: siku hizi nani anakwea?

Aligeuza simu kuelekea dirishani. Minazi ilikuwa imeelemewa, nazi kavu tupu, na kuti moja limelala juu ya paa.

"Bei imepanda," akasema. "Wanajenga sehemu mpya ya kiwanda. Lusi wamemwita tena, sasa ni mkubwa huko. Mashine yake ipo chini ya turubai. Mimi nimerudi kwenye kopo."

Moyo wangu ulishuka, siwafichi. Lakini Hawa akaninong'oneza, "Ba'mkubwa, muulize kitanda chake kimetengenezwa wapi."

Nikauliza. Mama Rozi akaenda nasi hadi chumbani. Kitanda kilikuja kwa meli, kama kila kitu. Mguu mmoja ulivunjika siku nyingi, akautilia tofali. Nikamuuliza kwa nini hajaita fundi. Akacheka mpaka akakohoa. Fundi wa mbao wa mwisho aliyemkumbuka alifariki, na watu siku hizi kitanda kikivunjika wanatupa na kuagiza kingine.

Simu ilipokatika, nilimgeukia Hawa. "Umeona mwenyewe. Wamelewa tena. Chini ya lile tangi kuna maji, mwanangu. Gesi ikiyumba watasimamisha majengo siku hiyohiyo, na wewe ndiye mgeni, utaondolewa wa kwanza. Usiende."

Hawa alikuwa anakwangua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. Stori ya Mzee Awadhi nilimsimulia mwenyewe tangu yuko shule ya msingi, kwa hiyo lililofuata ni malipo yangu.

"Ba'mkubwa, usinikasirikie. Hapo unapima ile nchi, au unapima woga wako?"

Nilitaka kumkemea. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikamwona Mzee Awadhi na kofia yake nyeupe, Mungu amrehemu, na nikajua angekuwa upande wa nani. Kwa kweli nilikuwa naogopa. Nilishamzika mdogo wangu, na sikutaka binti yake awe mbali.

"Sema wewe unavyoona," nikamwambia.

"Mie naona watu wana hela na hawana mtu wa kuwatengenezea mguu wa kitanda. Tangi likijaa, watu wanachota. Nakwenda kuchota, siendi kuzama. Mkataba mmoja, basi, hata wakinibembeleza. Na karakana siuzi." Kisha sauti ikapungua. "Ila ndo ishu inarudi palepale. Chande ni fundi mzuri lakini ni dogo, na yeye kazi yake iko nyuma kwenye randa. Pale mbele akikaa dogo, wale jamaa watamsukuma taratibu, leo stuli, kesho kabati. Wiki haiishi tumeshahamishiwa mtaroni."

"Pale mbele panatakiwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa kuonekana tu. Mtu mzima. Mwenye mvi hasukumwi."

Tukatazamana. Nilijua ninachotaka kusema kabla sijakisema, na nilikisema haraka nisije nikaghairi. Hawa akacheka, akadhani natania. Alipoona sitanii, akafunika uso kwa kanga akalia, nami nikajifanya natafuta miwani.

Basi ndiyo sababu siku hizi hamnikuti Mtoni mchana. Nipo Keko. Kila asubuhi Chande na mimi tunatoa nje kitanda cha mwisho alichotengeneza mdogo wangu, ambacho Hawa hakuwahi kukiuza, nami nakaa juu yake. Nimekuwa yule mtu ambaye Mzee Awadhi alikimbia asiwe: mchana kutwa mahali pamoja nangoja watu. Nawaambieni ukweli, napata raha. Nimegundua mninga una harufu yake na mkongo yake. Juzi nilimwambia mteja kwamba kabati ni la mninga, Chande akakohoa huko ndani, nikajua nimeteleza. Namuuliza Chande mpaka anachoka: kwa nini mbao ikikauka vibaya inapinda, kwa nini unaranda kufuata nyuzi, kwa nini gundi haipendi unyevu. Jirani yangu wa kushoto alijaribu kusogeza meza yake upande wetu wiki ya kwanza. Nilimsalimia kwa upole, nikamuuliza habari za wazazi wake mmoja mmoja, na jioni akairudisha mwenyewe.

Hawa alipiga simu Jumapili. Kazi ni nyingi na chakula ni cha makopo. Alikuwa ametoka kwa Mama Rozi, ametoa tofali na kuweka mguu mpya, na Lusi amesimama pembeni muda wote akiuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, mpaka mwishowe akaomba ashike msumeno. Nikamuuliza taa za mchana vipi. Zinawaka, akasema. Zote.

Nikasikia upepo kwenye simu.

"Ba'mkubwa, nafasi yetu ipo?"

Nikapiga ubao wa kitanda kwa kiganja ili asikie mwenyewe.

"Ipo," nikamwambia. "Nimeikalia."